Kazi Safi ya Tajudini

Mume wangu Tajudini alikuwa fundi wa vyerehani na makufuli hapa Bwiza kwa miaka ishirini na saba, na alikuwa na kiburi cha kuudhi. Akipita mtaani akasikia cherehani inalia vibaya ndani ya nyumba ya watu, aligonga mlango, awajue asiwajue. "Samahani, mashine yenu inateseka," anasema, na mimi nyuma yake natamani ardhi inimeze. Sokoni wanawake walinitania kwamba hata mimi hunitegea sikio kitandani ajue kiungo gani kinahitaji mafuta. Nilicheka nao. Ukweli ni kwamba nilijivunia jina lake kuliko alivyojivunia mwenyewe, kwa sababu tulikula kwa jina hilo.

Alikuwa na desturi moja asiyoivunja: kazi haitoki dukani mpaka ijaribiwe mara tatu mbele ya mwenyewe. Mwenye cherehani anakaa anashona. Mwenye kufuli anafunga na kufungua kwa mkono wake. Ya tatu ikipita salama, Tajudini anafuta vidole, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kisha anasema, "Alhamdulillahi, nenda nayo."

Sasa niwaambie habari za kile kidude.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, vita vya makabila vimeingia mtaani. Mwisho wa mtaa wetu wanamgambo walikuwa wameweka bariyeri ya kuzuia njia: mapipa mawili, gogo, na kiti cha sofa walichokiiba kwenye nyumba ya watu waliokimbia. Mkubwa wa bariyeri aliitwa Ildephonse, mtu wa miaka thelathini na kitu, aliyekuwa karani kabla ya vita na bado alivaa kalamu mfukoni. Walikuwa na mugobore mmoja, ile bunduki ya kienyeji ya bomba la maji na ubao. Mugobore ule ulikuwa na ugonjwa wake. Ukigongwa au ukianguka, unalipuka wenyewe. Siku moja Ildephonse aliuegemeza kwenye pipa, ukateleza, ukamvunja mguu mwanamke wa Ruziba aliyekuwa anapita na beseni la ndagala. Samaki walimwagika barabarani, na damu ikamwagika juu yao. Wale wanaume walimwacha analia, wakainama kuokota ndagala ambazo hazijalowa. Jioni walizikaanga. Nilisikia harufu nikiwa kwangu, na tangu siku hiyo sijala ndagala.

Baada ya hapo waliuogopa wao wenyewe. Walisukumiana nani aushike, na mwisho waliulaza kwenye sofa, watu wakawa wanapita.

Jirani yetu Scholastique alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mumewe Sylvère alifanya kazi bandarini, na kila asubuhi ilimbidi avuke pale. Sylvère hakuwa wa kabila la wale wa bariyeri, nao walijua, naye alijua kwamba wanajua. Ildephonse alipoingia dukani kwetu na mugobore ndani ya gunia, Scholastique alikuwa amekaa benchini anasubiri cherehani yake ipakwe mafuta.

"Papa Tajudini," Ildephonse akasema, "nyiye Waswahili hamuna upande kwenye hii vita. Tutengenezee hii gashete. Inapiga yenyewe, itatumaliza."

"Mi natengeneza mashine za kushona," Tajudini akajibu. "Hii apana."

"Si iko chuma? Si iko resori? Ni kazi yako ileile. Nakuja kesho."

Akauweka juu ya meza yangu ya kuchambulia mchele, akaenda zake. Ulinuka baruti na mawese yaliyochacha, na kwenye ubao ulikuwa umenata unywele wa mtu. Nikamwambia Tajudini autumbukize chooni, liwalo na liwe. Aliyenishangaza ni Scholastique.

"Papa Assia," akasema, maana binti yetu Assia, aliyeolewa Kigoma, ndiye aliyetupa majina ya heshima, "mi nakuomba, tengeneza. Sylvère anapita pale kila siku. Ile kitu itamuua bila mutu kutaka. Ikiacha kupiga yenyewe, basi nitalala."

Tajudini aliufungua. Alinieleza bila mimi kuuliza, kwa sababu mbele ya chuma hakujua kunyamaza. Springi, ile resori, inavutwa, jino dogo linaizuia, kidole kikivuta kifyatulio, ile gashete, jino linaachia na pini inagonga. Ni mtego wa panya tu, akasema. Jino lilikuwa limelika, limeshikilia kwa ncha kama mlevi kwenye ukingo wa mtaro.

"Basi uiue kabisa," nikamwambia.

Akachukua tupa. Alifanya kazi mpaka alasiri. Halafu nikamsikia anaimba kaswida kwa pua, kama afanyavyo kazi inapomnyookea. Nilitoka uani nikatema mate.

Kesho yake Ildephonse alikuja, na Tajudini akamjaribia mara tatu, bila risasi, kama desturi yake ilivyotaka. Aliupiga kwa nyundo ya mbao, jino likashika. Akauangusha sakafuni, likashika. Akampa mwenyewe avute, na tukasikia *tak*, mlio mmoja mkavu. Tajudini akafuta vidole. Na wallahi, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Siku ya tano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Sylvère aliuawa kwenye bariyeri akiwa na chakula chake cha mchana mkononi. Hakuna aliyeteleza wala kilichoanguka. Ildephonse aliinua mugobore, akalenga, akavuta. Alikuwa haogopi tena.

Tulipotoka mazishini Tajudini hakula. Siku ya tatu akaniambia kitu ambacho ningependa nisingekisikia.

"Mwanne, ningeweza kuuharibu. Ildephonse alitaka kusikia *tak* tu. Angesikia *tak* yake, angeridhika, na usingepiga tena maisha. Niliwaza hivyo nikiwa nao mkononi."

"Sasa kwa nini hukufanya?"

"Niliona aibu. Nilisema moyoni utarudishwa, na watu watasema Tajudini hakuweza."

Nilimchukia. Nasema kama ilivyokuwa. Nilimpakulia chakula nikageuza uso, na akinigusa bega kwa vile vidole vyake safi nilienda kuoga. Nilijichukia na mimi pia, maana jina lile nilikuwa nimelilisha miaka yote kwa sifa zangu.

Wiki tatu baadaye Ildephonse aliingia akicheka, akampiga Tajudini mgongoni. "Kazi safi, papa! Wenzangu wamesikia. Juma lijalo nakuletea tatu." Alipotoka, mume wangu alikwenda nyuma ya duka akatapika. Kukataa hakukuwako. Huseni mchomeleaji wa barabara ya pili aliwakatalia, tukamzika mwezi wa tatu.

Tajudini aliporudi ndani, amepauka, akasema, "Hawataleta kwa mutu ambaye mikono imekwisha."

Kuanzia siku ile alianza kuharibu kazi. Alitetemesha mikono, akamwaga skrubu, akazitafuta kwa kupapasa. Kufuli la duka la Khaled lilikwama siku ya pili. Cherehani ya ustadhi wa madrasa ilikata uzi mara tatu mbele ya mwenyewe, na Tajudini akasimama pale anaomba radhi huku jasho linamtoka. Nilijua hilo jasho halikuwa la uongo. Kila kazi mbovu ilimpita kooni kama mfupa.

Tatizo likawa watu wetu na heshima zao. Husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini kibaya hiki kilikataa kutembea. Khaled alinunua kufuli jipya kimya kimya. Ustadhi akasema mashine yake ilikuwa kuukuu. Walimsitiri mume wangu kama mtu anayemsitiri baba yake aliyejikojolea, na siku zinakwisha, na kule bariyerini bado Tajudini alikuwa fundi wa mafundi.

Zilipobaki siku mbili, Scholastique alileta cherehani yake, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani. Sindano ilikuwa inaruka. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, na mashine ile ndiyo iliyomlisha. Nilimvuta Tajudini pembeni nikamwambia, hii usiguse, muogope Mungu. Akaniangalia, akarudi kuketi, akaipinda shato, kile chuma cha kubebea uzi wa chini, kwa koleo. Kisha akamrudishia, akasema iko tayari. Hakuijaribu hata mara moja. Mimi nilikwenda jikoni nikajifungia, sikutaka kuuona uso wa hata mmoja wao.

Siku ya ahadi, asubuhi, Ildephonse alikuwa anakuja na gunia lake begani. Kabla hajafika mlangoni tukasikia sauti ya Scholastique. Alikuwa amebeba cherehani kichwani, akaitua chini katikati ya barabara, akashika kiuno.

"Njoni muone! Tajudini ameniharibia mashine! Mi mujane, nitakula nini? Mikono yake imekufa, hajui kitu tena, na bado anachukua kazi za watu! Muulizeni Khaled! Muulizeni ustadhi!"

Watu walitoka. Khaled, kwa kuwa sasa ameulizwa mbele ya wote, akainamisha kichwa akakubali. Ildephonse aliingia dukani, akamtazama mume wangu. Tajudini alikuwa ameshika skrubu, akaiacha idondoke, akaitafuta akaikosa, machozi yakimtoka kwelikweli. Ildephonse alitema mate juu ya sakafu yangu.

"Muzee amekwisha," akasema, akaondoka na gunia lake. Nilisugua pale alipotema mara nne kwa sabuni na majivu.

Adhuhuri Scholastique aliingia kwa mlango wa uani. Tajudini alitaka kupiga magoti, naye akamshika kiwiko.

"Ile mushono wa kwanza tu, nikajua," akasema. "Mikono yako haiwezi kukosea vile bila wewe kuituma, na mutaa wote ulijua wanakuletea zingine. Na mi ndiye nilikuomba utengeneze ile ya bariyeri. Tuliifanya wawili."

"Lete mashine, mama," Tajudini akasema. "Sasa hivi nainyoosha. Dakika kumi."

"Apana. Ikipona leo, watauliza nani ameiponya."

Akafunga kitambaa chake vizuri, akaniomba sindano ya mkono na uzi wa bluu. Sare za mwaka ule alizishona zote kwa mkono.