Mguu wa Baba Mdogo

Asubuhi ile tulikuwa watano chumbani: baba mdogo kitandani, wadogo zangu wawili na sare zao za shule, jirani yetu muuza pombe ya busaa akiegemea mlango, na mimi na sufuria yangu. Wazazi wetu walikuwa wamefariki mwaka uliotangulia. Baba mdogo alituleta kwake, mtaa wa Kisumu Ndogo huko Kibera, baada ya kuapa kwenye kaburi la kaka yake kwamba hawa wawili watasoma mpaka mwisho. Mimi niliachia darasa la sita, nikauza omena, wale dagaa wa ziwani.

Baba mdogo alilala mzima, akaamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, cha moto. Shuka likikigusa tu, alipiga kelele. Alikuwa fundi wa mawe huko Kawangware, na fundi hapandi jukwaa kwa mguu mmoja.

"Ametegewa," jirani alisema. "Kuna kitu amekanyaga hapa mlangoni. Wewe mzee, umemkosea nani?"

"Nimekukosea wewe. Sinywi busaa yako."

Jirani alicheka, lakini jembe alilileta. Tulichimba kizingiti chote tukapata kizibo cha soda na mfupa wa kuku. Mfupa tukauchoma. Baada ya siku nane uvimbe ulishuka, jirani akajisifu kwa wapangaji wa plot nzima. Mwezi uliofuata uvimbe ukarudi.

Kwetu mgonjwa hupewa supu. Kila jioni nilinunua matumbo au maini, nikachemsha mpaka mchuzi ukawa mzito, nikaongeza omena zilizobaki sokoni. Fungu lake lilikuwa kubwa kuliko la watoto. Alikula yote, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho, na juu yake nikampa asprini za dukani. Mguu wa pili ukashikwa. Halafu vidole vya mkono ulioshika mwiko wa ujenzi. Pale kazini wakachukua fundi mwingine.

Ndipo nilipomkokota hadi kliniki moja ndogo karibu na alikokuwa akijenga, stendi ya Kawangware 46. Muuguzi alipomwona tu akaweka kalamu chini.

"Ni wewe tena? Si nilikwambia uache maini na omena?"

Nilidhani amemfananisha na mtu mwingine. Baba mdogo alitazama sakafu.

Muuguzi akanigeukia mimi. "Hii ni jongo, dada. Si uchawi, wala si ya walevi peke yao. Nyama za ndani na samaki wadogo wana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa asidi. Figo zisipoitoa yote, inaganda kwenye kiungo kama chembe za kioo. Hizo ndizo zinamchoma. Kuna koo zinazoirithi." Alimpa vidonge vya kushusha uvimbe, akamwambia anywe maji mengi. Nilipotaja asprini, alisema zinazuia figo kuitoa hiyo asidi, aziache. Maumivu yakitulia, arudi aanzishiwe dawa ya kila siku, ya maisha. Kisha akavishika vile vidole vilivyopinda. "Hivi vimechelewa."

Tulipotoka nje nilimuuliza, "Baba, ulijua?"

"Nilijua, mama. Nilipita hapa uvimbe uliporudi."

"Na ukakula?"

"Ungepika nini kingine? Tena ningekataa sahani yako, wale wadogo wangesema baba mdogo ametuchoka."

Tulirudi Kibera polepole, tukisimama kila baada ya nyumba chache, na uzito wake wote ulikuwa kwenye bega langu.

Nilianza kumpikia ugali na mboga ya sukuma, pamoja na maziwa mala. Dawa alikunywa. Maumivu yakapungua, lakini vidole havikunyooka tena, na mwiko ukashika kutu ukutani. Kile kiapo cha kaburini hakikuwa changu, ila mkono uliokiapa ulikuwa umekwisha, na ni mimi niliyekuwa nimeulisha. Mdogo wangu mmoja alikuwa darasa la nne, mwingine la pili. Nikajitwika beseni la omena, nikaenda sokoni.