Sauti ya Baba Ndani ya Flashi

Juzi mteja alinipa flashi yake, nikakuta mafaili yenye mkia wa "exe", yaani programu, yamejifanya folda. Nikakumbuka siku ile kule kwetu Mapinga.

Nilikuwa mtoto, nimekaa juu ya katoni ya karatasi katika steshenari ya shangazi, alikochapa hati za kuuziana viwanja. Palinuka wino wa moto na udi aliofukiza mlangoni. Kimya kimya, shangazi alikuwa akifuta mafaili kwenye flashi yetu, moja baada ya jingine, mpaka akafika lililoandikwa BABA. Nilijua humo mna sauti ya marehemu baba akisoma Yasini.

Arobaini ilikuwa imepita. Kanzu zake zilishagawiwa, na baiskeli pia. Nikaamini sasa ni zamu ya sauti.

"Shangazi, usiitoe na hiyo!" nikalia, nikashika waya wa umeme wa kompyuta, tayari kuuchomoa.

"Achia waya, mwanangu. Hiki ni kirusi, kimejipa jina la baba yako. Folda yenyewe kimeificha."

Akabonyeza. Jina likatoweka. Akahangaika na mipangilio, jasho likimtiririka, hadi folda ikatokea, imefifia kama kanga iliyofuliwa sana. Akaifungua. Baba akakohoa kidogo, kisha akaanza kusoma.

Shangazi akainamia meza akalia.

Leo kazi hii ni yangu, na najua utaratibu: kwanza unaitafuta folda iliyofichwa, ndipo unafuta kirusi. Shangazi alifuta kwanza, kabla hajaiona folda. Hata yeye hakuwa na hakika kama kaka yake bado yumo.