Vyuma Alivyovikata Saidi

Nakumbuka asubuhi moja ya masika hapa Likawage, mwanangu, nikiwa mke kijana wa Saidi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa na foleni za madukani zimekwisha. Kampuni za uwindaji zilikuwa zimeingia porini, na Saidi akaajiriwa ulinzi wa kambi. Akapewa bunduki yenye kioo juu yake. Ukichungulia unaona nukta nyekundu, unaiweka juu ya mnyama, unafyatua. Alivyoringa nayo! Ungedhani kaoa mke wa pili.

Bunduki ile ilikuwa pia na vyuma vyake vya kulengea, kimoja nyuma, kingine kwenye ncha ya mtutu. Ukichungulia kioo unaviona palepale chini ya nukta. Saidi akasema vinamziba macho. Akaenda kwa fundi baiskeli, vikakatwa kwa msumeno.

Baba yangu, askari wa wanyamapori mstaafu, alipoona alishika kichwa.

"Mkwe wangu, kila alfajiri ungetazama kama nukta imekaa juu ya ncha ya chuma. Visipopatana, ujue kimoja kinadanganya. Sasa utamuuliza nani?"

"Baba, hayo ni ya enzi za foleni," Saidi akajibu akicheka. Nami nikacheka, si mume wangu?

Basi simba akaanza kukamata watu mashambani. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mimi niko juu ya dungu naamia ndege wasile mpunga, Saidi yuko chini ananilinda. Simba akatoka kwenye matete. Saidi akainua bunduki, akachungulia, akaishusha, akaipiga kofi.

"Mama Zuhura, nukta haiwaki!"

Akafyatua kwa kubahatisha, risasi ikaingia matopeni. Simba hakumpa nafasi ya pili.

Watu msibani wakanong'ona kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu! Laiti lingekuwa guu. Mimi nilizika nusu ya mtu, mwanangu, na mpaka leo nina hasira naye, na bado nampenda.

Sikwambii ukatae kipya. Baba mwenyewe hakukikataa kile kioo. Kipokee, lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujakitupa cha zamani, jiulize: hiki kipya kikizimika na hatari iko mbele yangu, nitashika nini?

Mwenyezi Mungu akupe sikio la kusikia mapema. Na popote uendapo, akurudishe kwa wako ukiwa mzima, uingie mlangoni kwa miguu yako mwenyewe. Amina.