Grisi ya Nguruwe

Majina sitayataja, maana wana watoto, na watoto hawana kosa. Lakini waliotaka kunifungia gereji Msambweni walikuwa wawili: mwenye gereji ya upande wa pili wa soko, na shemeji yangu, ndugu yake mke wangu, toka nitoke, wa tumbo moja. Ukiuliza watu wazima wa pale watakuonyesha na nyumba zao.

Miaka ya hamsini magari yetu yalikuwa machache. Malori ya miwa, gari mbili tatu za Wazungu wa Diani, teksi za kwenda Kwale, na basi moja la kutoka Vanga hadi Likoni. Basi hilo ndilo lililonilisha. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, basi likirudi kila mara lina kitu kimelegea, na mimi nilikuwa fundi wake tangu lilipoanza kupita. Malori yalikuja na kwenda. Basi likiondoka kwangu, mimi sina gereji.

Jirani yangu huyo wa ng'ambo ya soko alilijua hilo. Alipofungua gereji yake, alichora ubao mkubwa mwekundu. Hilo sikulijali. Akawa anawapa madereva kahawa na tende bure. Hilo nalo sikulijali, dereva anakunywa kwake na gari analeta kwangu. Akamkodi mtu azunguke sokoni akipiga debe na kutangaza gereji mpya. Watu walicheka, wakaenda kutazama, wakarudi. Alipoona vyote havifai ndipo akamchukua shemeji yangu.

Shemeji nilikuwa nimempa kazi mwenyewe, kwa ajili ya dada yake. Kazini alikuwa mvivu wa kulala chini ya gari akidai anatengeneza. Siku moja Mzungu wa Diani aliniachia mkebe wa grisi, una maandishi ya Kizungu ubavuni. Mimi kusoma kwangu ni juzuu na jina langu, maandishi yale siyajui. Shemeji naye hayajui. Lakini alipohamia kwa jirani, aliyasoma. Akasema yameandikwa mafuta ya nguruwe, na kwamba magurudumu ya basi zima nimeyapaka hayo.

Nani angesubiri ushahidi? Wanawake wa Gazi waliokuwa wakipeleka nazi Likoni walisimama kando ya barabara, basi likasimama, hawakupanda.

"Mama, pandeni, mnachelewa!" utingo akawaita.

"Tupande nini? Hilo basi ni la nguruwe! Nikifika nyumbani nianze kuosha kanga na nafsi?"

"Mwenzangu, mimi hata vumbi lake sitaki linirukie."

Mwenye basi, mzee wa heshima, alinijia na uso umemkunjika. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba bila kuketi.

"Fundi, mimi najua ni uongo. Lakini abiria wangu hawajui. Jirani yako amesema ataliosha basi mbele ya watu, kwa sheria ya dini, na kuanzia hapo yeye ndiye atakayelitengeneza. Nifanye nini?"

"Ukimpa, mzee, umesema mimi ni mwongo."

"Nisipompa, basi linakwenda tupu."

Ikawa hivyo. Ijumaa baada ya sala, uwanja wa soko ulijaa kama siku ya arusi. Jirani alivaa kanzu, akaikunja mikono hadi viwikoni. Sisi tunajua, najisi ya nguruwe huoshwa mara saba, moja ya hizo kwa udongo. Akaosha viti, akaosha sakafu, akaosha mbavu. Watu wanahesabu kwa sauti. Hapo ingetosha. Lakini mtu mmoja katika umati akapaza sauti: "Na ndani ya magurudumu je? Si huko ndiko kwenye grisi?"

Angekuwa fundi wa kweli angejibu. Yeye alikuwa mtu wa kupigiwa makofi. Akatia jeki, akafungua magurudumu, akaosha beringi kwa matope mekundu, kisha akamwagia ndoo za maji na kupaka grisi mpya juu yake, hata hazijakauka.

Nilikuwa nimesimama nyuma. Nikasema kwa sauti kila mtu asikie: "Mchanga hautoki hivyo! Beringi hizo zitasagika, mtakwama njiani!"

"Wivu huo, fundi!" shemeji akanijibu, na watu wakacheka. "Kaoge na wewe mara saba!"

Niliondoka. Kwa siku kadhaa gereji yangu ilikuwa na kuku tu. Mke wangu sikumlalamikia, maana ni ndugu yake.

Basi halikumaliza wiki, kabla ya Ijumaa ya pili likaharibika. Karibu na Gazi gurudumu la mbele lilianza kulia, likatoa moshi, likakwama, basi likaingia kwenye shamba la miwa. Mungu aliwanusuru, hakuna aliyeumia. Mwenye basi mwenyewe alikuwa ndani, na mama yake mzazi. Jirani akaitwa, akaja, akatazama, akasema ni kazi ya mafundi wa Mombasa. Yule mzee akaja kwangu kwa miguu, kanzu imejaa vumbi.

"Fundi, chukua spana zako twende."

"Mikono hii si ina nguruwe, mzee?"

"Usinifanyie hivyo."

"Kutengeneza nitatengeneza. Nataka jambo moja. Aliyesema, aseme tena, uwanjani pale pale, na msahafu mkononi."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Siku ile ile baada ya alasiri watu wakakusanyika. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamsogezea shemeji msahafu. "Shika, useme uliona mafuta ya nguruwe."

Shemeji akaificha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Mbona huchukui, kijana?"

"Mwalimu, mimi... mimi niliambiwa niseme."

"Na nani?"

Akanyoosha kidole. Uwanja mzima ukageuka kumtazama jirani yangu, na yeye akageuka kutazama nyuma yake, eti labda yuko mwingine. Wanawake wa Gazi ndio waliompigia vigelegele, vile vibaya, vya kuzomea. Mmoja akamwuliza, "Bwana, na uongo huu nao tukuoshe mara ngapi?"

Nilikwenda kwenye shamba la miwa na taa na spana. Nilifungua beringi mbele ya abiria, nikawawekea mchanga mwekundu kiganjani. Mpya zilipofika kutoka Mombasa nilizifunga mwenyewe. Mzee akapanda kiti cha mbele, akamwambia dereva asipige mbio, apite sokoni polepole, honi ikilia mpaka tumalize soko. Nilikaa mlangoni kama bwana arusi. Watu walitoka madukani. Teksi za Kwale zikaanza kuja kwangu siku ile ile, na malori yakafuata, na mzee aliponunua basi la pili hakuuliza nani atalishika.

Jirani aliuza vyombo vyake akahamia kuuza mkaa. Mimi nilivinunua, jeki ile ile, na nimeitumia miaka.

Shemeji huja nyumbani kila Idi, kwa sababu ya dada yake. Chai namtilia, na halua. Gereji hakanyagi.