Marahaba Niliyoitikia Basotu

Harufu ya ugoro haijawahi kunipita hivi hivi. Juzi nilikuwa Mbulu mjini, kwenye duka la pembejeo, nimepanga foleni ya mbegu za mahindi. Mbele yangu bibi mmoja aliyejitanda shuka alifungua kikopo chake, akagonga kifuniko kwa ukucha, akavuta taratibu. Nikapiga chafya, na kabla sijaomba radhi nikajikuta nacheka peke yangu, hata yule bibi akasogea pembeni kidogo kama anayemkimbia mgonjwa. Sikuweza kumweleza. Ninyi nitawaeleza, maana mmekaa.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mvutaji wa ugoro, na kadi yangu ya kliniki ndiyo iliyokuwa karatasi yake ya kufungia. Kadi zile zilikuwa ngumu na nzuri, hazipitishi unyevu. Alizichana kadi za wajukuu wake kidogo kidogo, kwa kiasi, kama mtu anayetunza akiba. Siku kadi yangu ilipokuja kutafutwa nyumba nzima, kilichopatikana chini ya godoro lake ni kipande cha pembeni chenye ushauri wa kumpa mtoto mboga za majani. Na hicho nacho kilinuka ugoro. Cheti cha kuzaliwa sikuwa nacho. Baba alikuwa amesema tutakwenda kukichukua tukishavuna, na kila tulipovuna akasema tutakwenda tukishapanda.

Jambo lingine la kujua ni kwamba nilikuwa mrefu. Nikiwa darasa la tano, kule kwetu Masieda, nilikuwa nimeshampita Mwalimu Rajabu, mwalimu wetu wa michezo. Yeye alikuwa mtu wa Tanga, aliyepangiwa kazi kwetu na hakuwahi kuusamehe ubaridi wetu. Alivaa koti na kofia ya sufu mwaka mzima, hata akipuliza filimbi. Wenzangu waliniita Mlingoti. Mama alinishonea sare yenye pindo refu la kuachia kila muhula, na bado magoti yangu yalitangulia kila mahali. Lakini nilijua kukimbia. Tangu nikiwa mdogo nilitumwa kurudisha ndama waliotoroka, na ndama wa kwetu hawatoroki kwenye tambarare, wanapanda mlima.

Mwaka huo shule za kwetu zilialikwa Basotu kwa mashindano ya ujirani mwema na shule za Hanang. Wakimbiaji wawili wa kwanza wa kila mbio wangechaguliwa kwenda kambini Babati. Mimi sikuwahi kufika Babati. Nilikuwa nimesikia kwamba kambini watoto hulala kwenye vitanda vya ghorofa, na nilikuwa nimeshaamua kwamba mimi nitalala juu.

Tulifika Basotu vumbi limetujaa hadi kwenye kope. Ziwa lilikuwa pale chini limetulia, na upepo ulileta harufu ya samaki wa kukaanga na ya ngano iliyokwisha kukatwa. Nilishuka kwenye gari, nikajinyoosha. Hapo hapo akaja mtoto mmoja wa timu ya wenyeji, kasichana kadogo, kamevaa raba zinazokazidi, kakaniangalia kuanzia chini hadi juu, kakainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo."

Sasa niambieni, mtoto aliyelelewa vizuri afanye nini? Kwetu salamu haiachwi ikaning'inia hewani. Mdomo wangu ulijibu wenyewe, tena kwa upole kama mama mchungaji: "Marahaba, mwanangu."

Neno hilo liliniponza. Mwalimu wa timu ya Hanang alikuwa amesimama karibu, na akaenda moja kwa moja kwa waandaaji. Mashindano yalikuwa ya watoto wasiozidi miaka kumi na tatu, akasema, na Mbulu wameleta mtu mzima ambaye anaitikia marahaba bila hata kushtuka na kuwaita watoto wa wenzake wanawe. Huenda ana wa kwake nyumbani.

Kamati ya kusikiliza malalamiko ilikuwa meza moja chini ya ukuta wa darasa, na mwenyekiti wake alikuwa bwana mifugo, kwa sababu aliyetakiwa kuja alikuwa na msiba. Alikuwa mzee mpole, mwenye gamboti, na alilichukua jambo hilo kwa uzito. Mwalimu Rajabu alieleza kwamba umri wangu uko kwenye rejista ya shule. Mwalimu wa Hanang akasema rejista huandikwa kwa maneno ya mzazi, na mzazi anaweza kusema lolote. Wa kwao, akasema, wana vyeti, na akavitandaza mezani kama karata. Mimi nikatoa kipande changu cha mboga za majani. Bwana mifugo alikinusa, akakirudisha.

Kisha wakanipima. Niliambiwa nipitishe mkono juu ya kichwa nishike sikio la upande wa pili, jinsi tulivyopimwa siku ya kuandikishwa darasa la kwanza. Mkono ulilipita sikio ukafika kwenye kidevu, na watu waliotuzunguka wakaguna. Bwana mifugo akaniomba nifungue mdomo. Aliinama, akachungulia meno yangu kwa muda, mikono yake nyuma kwa heshima, halafu akajinyoosha na kutikisa kichwa.

"Angekuwa ndama," alisema kwa masikitiko, "ningewaambia mpaka mwezi."

Mwalimu Rajabu akapiga simu nyumbani. Baba alikuwa shambani, kwa hiyo aliyepokea ni bibi, na simu ikawekwa sauti kubwa juu ya meza. Bwana mifugo alimwamkia, akamuuliza mjukuu wake amezaliwa lini. Bibi alijibu bila kusita kwamba nilizaliwa mwaka ule mvua ilipokataa. Akaulizwa mvua ipi, maana ilikataa mara nyingi. Akasema ile ya kabla ya ile nyingine, tulipouza dume jeupe. Kisha akakumbuka kwamba dume jeupe liliuzwa alipozaliwa kaka yangu, na liliuzwa kwa hasara, na aliyelinunua bado yupo na hana aibu. Akamweleza bwana mifugo jina la mtu huyo na la baba yake. Salio liliisha akiwa bado anaeleza.

Nikatolewa kwenye orodha mpaka mzazi aje mwenyewe. Mbio zangu zilikuwa kesho yake mchana. Nilikaa kwenye ngazi za darasa nikitazama wenzangu wakipasha misuli, na ndipo nilipolia, magoti yangu yakiwa karibu na masikio. Kale kasichana ka shikamoo kakaja kukaa pembeni yangu. Jina lake lilikuwa Fausta, naye alikuwa mkimbiaji wa mbio zile zile. Hakuniomba msamaha na mimi sikumdai. Alinipa kichwa cha samaki, tukala, yeye miguu yake haigusi chini.

Mama alifika asubuhi juu ya lori lililokuwa linafuata ngano, kitenge chake kimejaa vumbi, amekasirika hadi amenyamaza. Mama yangu akiwa na hasira za kawaida alisema sana. Akinyamaza, hata ng'ombe walijipanga wenyewe. Alisimama mbele ya meza, akasema amenizaa katika zahanati ya kule kwetu, na kama kuna mtu aliyekuwepo siku hiyo akaona anazaa mtu mzima, ajitokeze.

Bwana mifugo akamwambia kwa upole kwamba hilo ndilo hasa wanalohitaji, mtu aliyekuwepo.

Wakati huo mama yake Fausta alikuwa anakuja na beseni la samaki kichwani kwa ajili ya timu ya mwanawe. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mwendo wa haraka kama binti yake. Alifika usawa wa meza, akasimama. Akalishusha beseni chini polepole. Akamwita mama yangu Marselina, jina la usichana, ambalo mimi nilikuwa nimelisikia kinywani mwa mjomba tu. Mama aligeuka. Kisha wakaanza kusalimiana Kiiraqw, salamu ndefu, ya watu, ya mifugo, ya mashamba, wameshikana mikono, na kamati ikasubiri.

Ilimchukua muda bwana mifugo kuelewa, na mwalimu wa Hanang alielewa mapema zaidi, kwa sababu alianza kuvikusanya vyeti vyake. Mama Fausta na mumewe walikuwa wamekodi shamba kwetu zamani, kabla ya kuhamia Basotu. Wanawake hawa wawili walijifungua katika zahanati moja, siku moja, wakalala kitanda kimoja kwa sababu kingine kilikuwa kimevunjika mguu. Fausta alizaliwa asubuhi. Mimi nilikuja jioni.

Bwana mifugo akaomba cheti cha Fausta. Akakisoma kwa sauti, tarehe na wilaya: Mbulu. Akamtazama Fausta aliyekuwa hafiki usawa wa meza, akanitazama mimi. Mwalimu wa Hanang akasema wanawake wanaweza kupatana wakasema chochote, hasa wakiwa marafiki.

Mama akamgeukia. "Mimi nilikuwa na homa, mwalimu, maziwa hayakutoka. Huyu ndiye aliyeninyonyeshea mtoto. Nitamsahau?"

Mama Fausta akaniangalia, kuanzia vidole vya miguu hadi kichwani, bila haraka. "Ndiyo maana wangu amebaki hivi," akasema. "Huyu aliyamaliza."

Uwanja mzima ulicheka. Bwana mifugo alicheka mpaka akavua kofia. Mimi niliomba ardhi ipasuke, maana hakuna aibu kwa msichana wa darasa la tano kama kuzungumziwa kunyonya mbele ya wavulana wa wilaya mbili. Uamuzi ukatolewa kwamba nirudishwe kwenye orodha, na kwamba kwa mujibu wa ushahidi Fausta ni mkubwa kwangu. Fausta aliusikia uamuzi huo vizuri. Tulipopangwa kwenye mstari alinitazama na kungoja. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, filimbi ikalia, akatoka.

Sikumwona tena usoni mpaka mwisho wa mbio. Nilikimbia kama niliyefukuzwa, miguu yangu mirefu ikirusha vumbi la Basotu, na kila nilipomkaribia zile raba zilizomzidi zilizidi kwenda. Alishinda, nikawa wa pili. Mwalimu wa Hanang alikuwa amehangaika siku mbili kumwondoa mtu ambaye mwanafunzi wake alikuwa na uwezo wa kumshinda. Kambini Babati tulipewa kitanda kimoja cha ghorofa, na kwa sababu ya ukubwa wake Fausta akachukua juu.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki ili watu wacheke, na walicheka. Kisha nami nikajifungua. Maziwa yalichelewa, mtoto akalia hadi sauti ikamkauka, na nikalala nimegeukia ukuta nikiwa sina cha kumpa. Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamuuliza alimlipa nini Mama Fausta. Akasema hakumlipa kitu. Alipopata nafuu alikwenda kwao kumshukuru, akakuta nyumba imefungwa, wamehama. Akasema pia kwamba Fausta alizaliwa mdogo sana, kabla ya wakati wake, na muuguzi alikuwa amemwonya mama yake asigawe maziwa, maana hata huyo mmoja hakuwa na uhakika naye.

Hapo ndipo nilipoelewa yale macho ya Mama Fausta. Siku ile Basotu watu wote walinitazama wakihesabu miaka, nami nikadhani hata yeye alikuwa anahesabu. Kumbe yeye peke yake alikuwa anatazama kama nilinusurika.