Mama Amenisamehe Kosa la Kwenye Filamu

Admin, nifichie jina, na jina la filamu usilitaje kabisa maana watanijua. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, mzaliwa wa Babati, naigiza filamu huku Dar. Sasa hivi naandika kitabu cha maisha yangu na nimekwama kwenye sura ya mama yangu mzazi.

Kuna filamu nilicheza binti anayemfungia mama yake kwenye banda la mbuzi na kumlisha makombo. Watu walinichukia, nikafurahi, ndiyo kazi yenyewe. Halafu mjomba akafariki, nikaenda nyumbani, kijijini kwetu Bonga, kuzika, nikiwa na binti yangu. Nikawaamkia kina mama jikoni, "Shikamooni mama zangu." Wakaendelea kuchambua mchele. Nikashika mwiko nisaidie ugali, jirani yetu Mama Neema akaninyang'anya.

"Wewe acha. Chakula cha msiba hakishikwi na mkono huo."

"Mama Neema, ile si filamu tu?"

"Filamu gani? Mama yako ametusimulia mwenyewe kwenye sala ya jumuiya ulivyomfungia, tena analia."

Nilimfuata mama chumbani. Hakukana. Alikuwa anajipaka mafuta miguuni, ametulia kabisa.

"Sasa ningewaambia nini? Zamani hakuna aliyenijulia hali hapa. Siku hizi wananichotea maji, wananipikia, wananiombea. Wewe si unapigiwa makofi huko? Niache na mimi."

Jamani! Mama anaishi kwenye nyumba niliyomjengea, bandani hajawahi kulala hata siku moja. Kumbe aliwasimulia kwa maneno yangu ya kwenye filamu, neno kwa neno, na juu yake akaongeza kilio cha mwigizaji mwenzangu aliyecheza yule mama.

Siku ya kumaliza matanga mama akaniita mbele ya watu wote. Kwa ukoo wetu, mzazi akitaka kumwondolea mtoto laana hujaza maji mdomoni akampulizia. Wazee wameshakaa, wananitazama, kaburi la mjomba bichi pale nyuma ya nyumba. Nikapiga magoti. Maji yenye harufu ya ugoro anaotumia mama yakanitiririka usoni mpaka kifuani, kina mama wakapiga vigelegele, mama akalia. Kulia kwa kuigiza nakujua, ndiko kunakonilisha, na siku ile alinishinda. Nimerudi Dar, naoga, najisugua, na harufu ya ule ugoro bado naisikia shingoni. Namchukia kwa hilo, nisiwadanganye.

Juzi amenipigia, sauti tamu. "Nasikia unaandika kitabu. Usisahau kuandika kwamba nilikusamehe."

Nikiandika ukweli, wale kina mama watamtenga, naye ni mzee, anaishi peke yake. Nikinyamaza, mimi ndiye niliyemfungia mama yangu na mbuzi mpaka nakufa.

Na kuna binti yangu, ana miaka tisa, aliyaona yote. Tulipokuwa kwenye basi tunarudi aliniuliza, "Mama, bibi alilala na mbuzi kweli?" Nikamwambia hapana, mwanangu, ni uongo. Akafikiri kidogo, akasema, "Sasa mbona ulipiga magoti?"

Ndugu zangu mnaosoma, hasa mliolelewa na mama wa namna hii, niambieni kama niiandike hiyo sura au niichane. Na huyu mtoto nimjibu nini, maana mpaka leo sijamjibu.