Tangi la Tatu

Kiwandani walimwita Bwana Subiri, naye jina hilo hakulikataa, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kusubiri. Maji machafu ya kutilia vitambaa rangi yaliingia tangi la kwanza, yakahamia la pili, yakaishia la tatu, na kila mahali yalitulizwa ili tope la rangi lizame chini. Hapo huchukua sahani nyeupe ya bati iliyofungwa uzi na kuizamisha kwenye tangi la tatu. Akiiona bado ikiwa imeshuka kina cha mkono mzima, hufungua koki maji yaende mtoni. Asipoiona hafungui, hata atukanwe.

Na kutukanwa alitukanwa. "Bwana Subiri, umeota mizizi huko?" walimpigia kelele watu wa idara ya rangi matangi yakijaa. Yeye alicheka puani tu. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Mwaka huu akaletwa mtaalamu wa kuondoa upotevu, mwenye saa ya kuhesabia sekunde shingoni. Aliwakusanya wote kwenye chumba cha kulia akawafundisha. Tusimwonee, mengi aliyosema yalikuwa kweli. Aliziba mabomba yaliyovuja tangu enzi na enzi. Akatundika pia kamba nyekundu juu ya mashine.

"Kamba hii ni yenu," alisema. "Yeyote akiona kasoro, hata mfagiaji, avute. Mashine zitasimama mpaka kasoro iondoke. Na hakuna atakayeulizwa kwa nini amevuta."

Wiki iliyofuata akafika kwenye matangi.

"Haya maji yanafanya nini hapa?"

"Yanatulia, mkubwa."

"Kwa siku ngapi?"

"Mbili. Wakati mwingine tatu."

"Siku tatu hayafanyi kitu! Huu ndio upotevu wenyewe."

Basi tangi la tatu likakaushwa, likaezekwa mabati, likajazwa maboksi ya vitambaa. Bwana Subiri akaamriwa afungue koki ya tangi la pili kila siku saa mbili asubuhi, sahani ionekane isionekane.

Akafungua. Hilo linamchoma mpaka leo. Alifungua siku nne mfululizo, akiangalia pembeni.

Siku ya nne jioni alimkuta dada yake mkubwa getini, yule aliyemlea mama yao alipofariki, na ambaye analima mboga chini kidogo ya kiwanda. Mkononi alishika miche iliyonyauka, mizizi myekundu kama iliyochovywa rangi.

"Mdogo wangu, mtoni mmetia nini?"

"Dada, niliambiwa…"

"Sijakuuliza uliambiwa nini. Nauliza, koki unafungua wewe?"

Dada alimwekea ile miche mikononi, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake, saa mbili, sahani ilipotea machoni kabla haijazama hata kina cha kidole. Bwana Subiri, mtu ambaye hata mkutanoni hakuwahi kunyoosha mkono, akaingia kwenye ukumbi wa mashine, akavuta kamba.

Kiwanda kizima kikanyamaza. Mtaalamu akaja mbio.

"Nani kavuta?"

"Mimi."

"Kitambaa kina nini?"

"Kitambaa hakina neno. Maji ndiyo yana kasoro."

"Kamba ni ya bidhaa, mzee, si ya maji!"

"Darasani hukusema hivyo."

"Unajua tunapoteza mita ngapi kila dakika?"

"Sijui. Ninachojua, tangi la tatu lina maboksi."

Msimamizi wa rangi, mwanamke aliyekuwa wa kwanza kumdhihaki siku zote, akafunga mikono kifuani. "Hata mimi nilikuwepo siku hiyo, bwana mkubwa. Ulisema hatuulizwi."

Watu wakaangua kicheko. Hakuna aliyerudi kwenye mashine. Mpaka adhuhuri meneja alikuwa amesalimu amri, na maboksi yakatolewa moja moja, jasho likiwatoka walewale waliokuwa wameyaingiza.

Unadhani alishukuriwa? Mwezi haukuisha, mtaalamu akapigwa picha amesimama kando ya tangi la tatu, amekumbatia ngao ya kiwanda kinachotunza mazingira, akieleza jinsi alivyobuni mpango wa kutuliza maji hatua tatu. Alivyobuni! Siku hiyohiyo Bwana Subiri akaitwa ofisini kupewa barua ya onyo: alisimamisha uzalishaji bila sababu.

"Weka saini hapo chini, mzee wangu, yaishe," alisema karani kwa huruma.

"Nipe kalamu."

Akaisoma barua taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye "bila sababu" akayakata maneno hayo kwa mistari miwili, na juu yake akaandika, kwa herufi kubwa za darasa la saba, KWA SABABU YA MAJI. Kisha akatia saini.

"Mzee! Hiyo ni barua ya meneja!"

"Lakini jina ni langu," alijibu, akarudi kazini.